Fyuzi ndani ya plagi: ilitoka wapi, na inalinda nini hasa

Leo naweka kando mambo ya programu na seva. Nataka tuzungumze kuhusu kitu kidogo ambacho huenda kiko hatua mbili tu kutoka hapo ulipoketi, na ambacho watu wengi hawakifikirii mpaka siku ambayo pasi inakataa kuwaka.

Chukua plagi yoyote ya pini tatu hapa Kenya (ichomoe kwanza ukutani, tafadhali), ifungue kwa bisibisi, nawe utakuta kijibomba cha kauri chenye vifuniko vya chuma pande zote mbili. Urefu wake ni milimita 25 hivi, na unene wake ni milimita 6. Hiyo ndiyo fyuzi. Ni ya bei ndogo, na duka lolote la vifaa vya stima linayo.

Sasa, ukienda Ujerumani, Ufaransa au Marekani, plagi ya kawaida ya jokofu au televisheni haina kitu kama hicho ndani yake. Je, wenzetu hao hawaogopi moto? Wanaogopa kama sisi. Basi kwa nini sisi tunayo na wao hawana? Na kwa nini nyingine imeandikwa 3 na nyingine 13?

Majibu yako kwenye historia. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na kazi yetu imenifundisha kwamba ukikuta kipande cha kodi ambacho huelewi kazi yake, usikifute kabla ya kujua nani alikiweka na kwa sababu gani. Fyuzi ni hivyo hivyo. Watu wanaoiondoa na kuweka msumari mahali pake hawajui iliwekwa kwa ajili ya nini. Wakijua, nadhani wengi wao wataacha.

Mwanzo wake ni radi

Kabla ya balbu, umeme ulikuwa kazi ya watu wa simu za maandishi, yaani telegrafu. Waya zilipita juu ya nguzo kwa maili nyingi, na radi ilipopiga waya, umeme ule mkubwa uliingia hadi ofisini na kuharibu mitambo, na ungeweza kumuumiza karani aliyekaa mbele yake. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza kwamba kabla ya waya kuingia ofisini, kiwekwe kipande cha waya mwembamba zaidi. Radi ikipiga, kipande kile chembamba kinayeyuka kwanza na njia inakatika.

Wazo zima la fyuzi limo humo. Umeme unapopita kwenye waya, waya unapata joto. Joto hilo linakua kwa mraba wa mkondo: ukizidisha mkondo mara 2, joto ni mara 4, ukizidisha mara 3, joto ni mara 9. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo unapata joto upesi kuliko mnene. Ukiunganisha waya mnene na kipande chembamba, wewe mwenyewe umechagua mapema ni wapi patakatika. Usipochagua wewe, basi patajichagua penyewe, na huenda pakawa ndani ya ukuta wako.

Umeme waingia majumbani

Mambo yalibadilika watu walipoanza kuwasha taa. Mwaka 1880 Thomas Edison alipata hataza ya Marekani kwa kile alichokiita kipitishio cha usalama kwa ajili ya taa za umeme. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha Pearl Street, New York, kilianza kuuza umeme kwa wateja wa jirani. Mwaka huo huo, kule London, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni zake za kwanza za kuzuia moto unaotokana na taa za umeme. Kanuni hizo zilitaka kuwe na fyuzi ya metali inayoyeyuka kwa urahisi, ili mkondo ukizidi njia ikatike.

Angalia jina la kanuni zenyewe. Zilikuwa za kuzuia moto. Jina hilo halikutaja kulinda taa, wala kuzuia watu kupigwa na umeme. Tangu mwanzo, aliyeogopwa ni moto unaoanzia kwenye waya.

Lakini kulikuwa na tatizo: waya mwembamba ni mwembamba kiasi gani? Mafundi walikuwa wakikisia. Aliyeleta hesabu ni William Preece, mhandisi wa posta ya Uingereza. Katika miaka ya 1880 alichoma waya za aina mbalimbali akapima kila moja inayeyuka kwa mkondo gani. Kanuni aliyoipata bado inatumika kwa makadirio, nayo ni rahisi kuliko nyingi tulizosoma sekondari. Chukua kipenyo cha waya kwa milimita, kizidishe kwa kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa namba ya metali husika. Shaba ni 80, chuma ni 24.6, bati ni 12.8 na risasi ni 10.8. Jibu ni ampea zinazotosha kuuyeyusha waya huo ukiwa hewani.

Tujaribu. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2: kipeuo cha pili cha 0.2 ni 0.447, zidisha kwa 0.2 upate 0.089, zidisha kwa 80 upate ampea 7 hivi. Na kweli, waya wa fyuzi wa aina hiyo huuzwa kama wa ampea 5. Umepimwa ubebe 5 bila shida, na kuyeyuka mkondo ukizidi kiasi cha kutosha. Ishike kanuni hii, tutairudia tukifika kwenye msumari.

Kwa nini kuna mchanga ndani

Fyuzi za kwanza zilikuwa waya mtupu kwenye kibao, na zilikuwa na kasoro mbaya. Shoti inapotokea, waya hauyeyuki kwa upole, bali unalipuka na kuwa mvuke. Mvuke huo wa metali unapitisha umeme, kwa hiyo waya umeshakwisha lakini mkondo unaendelea kupita hewani kama mwali wa kuchomelea vyuma. Fyuzi iliyokusudiwa kuzuia moto inaweza kuuwasha yenyewe.

Mwaka 1890 Mwingereza William Mordey alipata hataza ya fyuzi iliyofungwa ndani ya bomba la kioo lililojazwa unga usiopitisha umeme vizuri. Mpaka leo fyuzi ya plagi yako ya kauri ina mchanga laini ndani yake. Waya unapolipuka, mchanga unanyonya joto lile, unayeyuka na kuganda kama kioo kuzunguka njia ya mwali, na mwali unazimika. Ndiyo sababu kijibomba kile kidogo, kilichotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1362, kinatakiwa kiweze kukata mkondo wa hadi ampea 6,000 bila kupasuka. Ampea elfu sita! Msumari hauna mchanga.

Vita, shaba na mwanamke mmoja kwenye kamati

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo: kwa nini fyuzi iko ndani ya plagi?

Uingereza ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilitumia plagi za pini za mviringo, na zilikuwa za saizi kadhaa: ampea 2, ampea 5 na ampea 15. Kwa mtindo wa wakati huo, soketi iliweza kuwa na waya wake kutoka kwenye bodi, na fyuzi yake kwenye bodi. Ukiwa na soketi ya ampea 5, fyuzi yake ilikuwa ya ampea 5. Plagi haikuhitaji fyuzi, kwa sababu bodi ilijua ni kitu cha aina gani kinachomekwa pale.

Mwaka 1942, vita vikiwa bado vimepamba moto, serikali ya Uingereza ilikuwa tayari inapanga ujenzi wa nyumba mpya baada ya amani. Kamati ya mitambo ya umeme iliundwa, nayo ilikuwa na mwanamke mmoja tu: Caroline Haslett, mhandisi na mkurugenzi wa chama cha wanawake kilichohusika na matumizi ya umeme majumbani. Ripoti ya kamati ilitoka mwaka 1944. Ilitaka nyumba ziwe na soketi nyingi za aina moja, na ilisisitiza kwamba mtoto mdogo asiweze kuingiza kitu ndani ya soketi akapigwa na umeme. Ndiyo maana pini ya juu ya plagi yako ni ndefu kuliko zile mbili za chini: inapoingia inafungua milango midogo iliyoziba matundu mengine. Angalia ndani ya soketi yako utaiona.

Lakini soketi nyingi zinataka waya mwingi, na shaba ilikuwa adimu. Suluhisho lilikuwa saketi ya ringi. Badala ya kuvuta waya tofauti kwa kila soketi, waya mmoja unatoka kwenye bodi, unazunguka nyumba ukipita soketi zote, kisha unarudi pale pale ulipoanzia. Umeme unafika kwenye soketi kwa njia mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo waya wa wastani unatosha. Saketi nzima inalindwa na fyuzi moja ya ampea 30 kwenye bodi.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Fyuzi ya ampea 30 inalinda waya wa ukutani vizuri kabisa, lakini vipi kuhusu waya mwembamba wa taa ya mezani? Waya wa milimita za mraba 0.5 umekusudiwa ampea 3 tu. Ukipata shoti au mzigo kupita kiasi, unaweza kuwaka wote mpaka mwisho huku fyuzi ya 30 ikitazama tu. Bodi haijui tena kitu gani kimechomekwa. Kwa hiyo ulinzi wa waya wa kifaa ukahamishwa, ukawekwa ndani ya plagi yenyewe. Kiwango hicho kipya, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, nacho ndicho cha plagi ya pini bapa tunayoijua.

Ilivyotufikia

Umeme wa kibiashara ulikuwa umeshafika kwetu kabla ya hapo. Mwaka 1908 kulianzishwa shughuli za kampuni ya umeme Mombasa na nyingine Nairobi, na mwaka 1922 zikaungana kuwa East African Power and Lighting Company, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting Company. Tukiwa chini ya Mwingereza, viwango vyake ndivyo vilivyokuwa vyetu, na plagi yake ikafuata. Uganda na Tanzania zinatumia ile ile, na ndugu zetu walioko Oman wanaikuta huko pia. Lakini India na Afrika Kusini, ambazo nazo zilitawaliwa na Mwingereza, ziliendelea na pini zile za mviringo za zamani.

Kwa hiyo plagi yetu ina fyuzi kwa sababu ya uamuzi wa kamati ya London wakati wa vita, shaba ikiwa haba. Ujerumani na Ufaransa walibaki na saketi zenye ulinzi mdogo zaidi kwenye bodi, wala hawakuhitaji fyuzi ndani ya plagi. Siyo kwamba mmoja ni mwerevu na mwingine mjinga. Kila mfumo unajikamilisha wenyewe, lakini ukiondoa kipande kimoja kutoka kwenye mfumo wetu, unaacha pengo ambalo hakuna kingine cha kuliziba.

Inalinda nini hasa

Ukiuliza watu fyuzi ya plagi ni ya nini, wengi watakujibu kwamba inalinda kifaa. Lakini kama umenisoma mpaka hapa, unaona kwamba jibu ni lingine: inalinda waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa, na kupitia waya huo inalinda nyumba. Fyuzi inapoungua, mara nyingi kifaa kimeshaharibika tayari. Fyuzi imechelewa kukiokoa, lakini haijachelewa kuiokoa nyumba.

Ndiyo maana namba ya fyuzi inachaguliwa kwa kuangalia mzigo na unene wa waya. Hesabu ni ndogo: gawanya wati kwa volti 240 za hapa Kenya.

- Chaja ya laptopu, wati 65: ampea 0.3. Fyuzi ya 3.
- Televisheni, wati 100: ampea 0.4. Fyuzi ya 3.
- Pasi, wati 1,200: ampea 5. Fyuzi ya 13.
- Birika la umeme, wati 2,000: ampea 8.3. Fyuzi ya 13.

Kwa kawaida kitu cha chini ya wati 700 kinawekewa fyuzi ya 3, ambayo huwa na rangi nyekundu, na cha zaidi ya hapo kinawekewa ya 13, ambayo huwa ya kahawia. Kama kifaa kimeandikwa namba yake, fuata iliyoandikwa.

Sasa tuje kwenye msumari. Nimefungua plagi za watu mara nyingi, na nimekuta mahali pa fyuzi pakiwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, waya uliosokotwa, na mara moja msumari uliokatwa ukatoshea vizuri kabisa. Aliyeuweka alikuwa fundi hodari wa mikono. Tumpigie hesabu ya Preece. Msumari wa chuma wenye kipenyo cha milimita 2.5: kipeuo cha pili ni 1.58, mara 2.5 ni 3.95, mara 24.6 ni 97. Huo msumari ni fyuzi ya karibu ampea 100, na kwa kuwa ni mfupi na umebanwa na vyuma vinavyoupoza, kwa kweli inazidi hapo.

Kinachobaki kulinda waya wa kifaa ni ile fyuzi au breka ya ampea 30 kule kwenye bodi. Waya wa milimita za mraba 0.75, ambao ni wa kawaida kwenye ekstensheni za bei rahisi, umekusudiwa ampea 6. Ukipitisha 30, mkondo ni mara 5, na joto, kwa ule mraba wetu, ni mara 25. Plastiki inalainika, waya mbili zinagusana, na kama ekstensheni imepita chini ya zulia au nyuma ya kochi, unajua mwenyewe kinachofuata.

Lingine ambalo watu hawalijui: fyuzi ya 13 haikatiki kwenye 14. Ampea 20 zinaweza kupita humo dakika nyingi kabla haijaungua. Ukichomeka birika la wati 2,000, pasi ya 1,200 na jiko la koili la 1,000 kwenye ekstensheni moja, jumla ni wati 4,200, yaani ampea 17.5. Fyuzi inaweza kuvumilia muda mrefu huku plagi ikipata moto mpaka inabadilika rangi. Usingoje fyuzi ikuambie. Piga hesabu mwenyewe.

Lile ambalo fyuzi haiwezi

Fyuzi pia haimlindi mtu. Mkondo wa sehemu ndogo tu ya ampea moja ukipita kifuani unaweza kuua, na fyuzi ya 13 hata haitajua kwamba kuna jambo limetokea.

Dawa ya hilo ilitoka hapa hapa Afrika. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin, akifanya kazi Afrika Kusini, alitengeneza kifaa cha kugundua umeme unaovuja kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Baadaye mwanamke mmoja alikufa kwa kupigwa na umeme nyumbani kwake katika kijiji cha mgodi cha Stilfontein, na mwaka 1957 na 1958 nyumba mamia za kijiji hicho zikawekewa vifaa vya aina hiyo vilivyoweza kuhisi kuvuja kwa ampea 0.02 tu. Wazo lake ndilo la RCD za leo: zinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Kama haviko sawa, kuna mahali unapotokea, huenda ni kupitia mwili wa mtu, na njia inakatwa mara moja. RCD ya kawaida ya nyumbani inakata kwa tofauti ya ampea 0.03, ambayo ni chini ya sehemu moja ya 400 ya kile ambacho fyuzi ya 13 inakibeba bila kusikia chochote.

Kwa hiyo fyuzi ni ya waya, na RCD ni ya watu. Breka ndogo ya bodi, ile ya kusukuma juu, nayo ni ya waya kama fyuzi. Ilipatiwa hataza Ujerumani mwaka 1924 na Hugo Stotz. Kama bodi yako ina breka tu, muulize fundi kuhusu RCD.

Kutafuta hitilafu bila kubahatisha

Haya, kifaa hakiwaki. Sisi watu wa programu tunajua kwamba ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu. Badilisha kimoja kimoja.

1. Anza nje. Je, stima iko kwa majirani? Tokeni zimekwisha? Breka ya bodi imeshuka?

2. Chomeka kifaa kingine unachojua ni kizima kwenye soketi ile ile. Kisipowaka, tatizo ni soketi au saketi, na hilo ni la fundi mwenye leseni ya EPRA. Kikiwaka, tatizo liko upande wa kifaa chako.

3. Chomoa, fungua plagi, toa fyuzi. Ya kauri huwezi kuona ndani, kwa hiyo ipime kwa multimita upande wa ohmu. Nzima husoma karibu 0. Iliyoungua haisomi kitu. Kama huna mita, jaribu fyuzi nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye kifaa kinachofanya kazi.

4. Fyuzi ikiwa ya kioo, kama zile za ndani ya redio na chaja, itazame. Waya ukiwa umekatika katikati na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo tu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha, kulikuwa na shoti.

5. Weka mpya ya namba ile ile. Ikiungua mara moja, simama hapo hapo. Usijaribu ya tatu, wala usipandishe namba. Kuna shoti. Kagua waya kwanza, hasa pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye kifaa, maana ndipo unapokunjwa kila siku. Waya ukiwa mzima, shoti iko ndani ya kifaa.

6. Plagi ina moto au imekuwa ya kahawia lakini fyuzi ni nzima? Kagua skrubu. Waya uliolegea unapata joto pale unapogusana, wakati mkondo wenyewe haujazidi. Fyuzi haiwezi kuliona hilo. Kaza, na kama plastiki imeungua, nunua plagi mpya. Kama soketi imelegea na haishiki pini, ibadilishwe.

7. RCD inashuka kila mara? Chomoa kila kitu, ipandishe, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Kile kinachoishusha ndicho kinachovuja, na mara nyingi huwa ni kitu chenye maji na joto, kama birika au hita ya kuogea. Ikishuka hata kama hakuna kilichochomekwa, ni waya wa nyumba au hita iliyofungwa ukutani. Mwite fundi.

Na ukinunua kifaa kilichokuja na plagi isiyo yetu, tumia adapta yenye fyuzi ndani. Plagi ya Ulaya iliyolazimishwa kwenye soketi yetu kwa kufungua milango kwa kalamu haina fyuzi yoyote kati yake na zile ampea 30.

Nimalizie na kazi yangu

Mwaka 2007 Michael Nygard aliandika kitabu kuhusu kujenga programu zinazohimili matatizo, na humo akaeneza mbinu aliyoipa jina la breka ya umeme. Huduma moja ikianza kushindwa, programu inaacha kuiita kwa muda, ili isivute mfumo mzima chini. Ninaitumia kila wiki. Nimeona pia watu wakiizima kwa sababu inawaletea ujumbe wa makosa. Ni msumari ule ule.

Fyuzi ikiungua, imekupa habari kwa bei ya shilingi chache: kuna kitu hakiko sawa kwenye waya huu. Tafuta ni nini, kisha weka nyingine ya namba ile ile. Na leo jioni, kabla hujalala, fungua plagi ya ekstensheni ya nyumbani kwako uone kuna nini ndani.